Paa Jeupe, Chumba Chenye Afueni: Rangi ya Kuakisi Jua na Majengo ya Umma

Kuanzia Januari hadi katikati ya Machi, jua la Nairobi huwa kali kuliko miezi mingine. Februari mchana, kipimajoto kilichowekwa kivulini mara nyingi hufika nyuzi 27 au 28 za Selsiasi. Kwa anayepita njiani kivulini, hilo si joto la kutisha. Kwa anayefanya kazi kutwa chini ya bati lisilo na dari, mambo ni tofauti kabisa.

Chukua Soko la Kenyatta, karibu na Barabara ya Mbagathi. Saa saba mchana ndio wakati wa kazi. Wasusi wamesimama nyuma ya wateja ambao watakaa kitini saa nne au tano. Wachoma nyama wako mbele ya makaa. Fundi wa nguo ameinamia cherehani. Joto la moto na la watu wengi mahali pamoja lipo, lakini kuna joto jingine linaloshuka kutoka juu, nalo hatulioni. Linatoka kwenye paa.

Makala haya yanaeleza njia moja ya kulipunguza joto hilo bila kutumia umeme: kupaka paa rangi nyeupe inayoakisi jua. Yanaeleza inavyofanya kazi, mahali isipofaa, na jinsi mkazi anavyoweza kuiombea jengo la umma analolitumia, liwe soko, zahanati, shule ya chekechea au ukumbi wa mtaa.

JOTO LINAINGIAJE?

Nairobi iko karibu na Ikweta. Katikati ya Machi na tena mwishoni mwa Septemba, jua la adhuhuri hupita juu ya utosi. Kwa hiyo paa ndilo linalopigwa na jua zaidi, kuliko ukuta wowote wa jengo.

Mbingu ikiwa wazi, kila mita moja ya mraba ya paa hupokea nguvu ya jua ya takriban wati 1,000 adhuhuri. Paa la jengo lenye urefu wa mita 20 na upana wa mita 10 lina mita za mraba 200. Hiyo ni kilowati 200.

Swali ni kiasi gani kinarudishwa angani na kiasi gani kinabaki kwenye bati. Bati kuukuu lililoshika kutu na masizi linaweza kunyonya asilimia 70 ya nguvu hiyo au zaidi. Kwa paa letu la mfano, hizo ni kilowati 140. Rangi nyeupe ya kuakisi, ikiwa mpya na safi, hunyonya karibu asilimia 20 tu, yaani kilowati 40. Tofauti ni kilowati 100, sawa na pasi 100 za umeme za wati 1,000 zilizowashwa kwa pamoja juu ya jengo.

Si joto hilo lote linaloingia ndani. Sehemu kubwa hupeperushwa na upepo. Lakini bati ni jembamba, halizuii joto kupita. Upande wake wa chini huwa moto karibu sawa na upande wa juu, na moto huo humwangukia aliye chini yake. Ndiyo maana mtu huhisi kichwa kinachomeka hata milango ikiwa wazi.

KWA NINI BATI LINALONG'AA HALITOSHI?

Wengi huuliza: bati jipya linang'aa kama kioo, je, si linaakisi jua tayari? Ni kweli linaakisi sehemu nzuri ya mwanga. Tatizo ni kwamba paa linahitaji sifa mbili, si moja. Ya kwanza ni kurudisha mwanga wa jua. Ya pili ni kuachilia haraka joto lile dogo lililonyonywa, lirudi angani.

Chuma kitupu ni hodari katika la kwanza kikiwa kipya, lakini ni kizito katika la pili. Kikishapata joto, hulishikilia. Rangi ya silva ina udhaifu huo huo. Rangi nyeupe ya akriliki ina sifa zote mbili: hurudisha mwanga mwingi, na kile kidogo kinachobaki hukiachilia upesi.

Jambo hili unaweza kulithibitisha nyumbani au darasani. Chukua makopo mawili ya bati yanayolingana. Moja lipake rangi nyeupe ya nje, jingine liache na kutu yake. Tia maji kiasi kilekile katika kila kopo, funika kwa kipande cha bati kilichopakwa au kuachwa vivyo hivyo, kisha yaweke juani kuanzia saa nne asubuhi hadi saa saba. Pima maji kwa kipimajoto. Watoto wa shule wataona tofauti wenyewe.

SI JAMBO GENI

Wazee wa Pwani walilijua hili zamani. Nyumba za mawe za Lamu, Mombasa na Zanzibar zilipakwa chokaa nyeupe, na mojawapo ya faida zake ilikuwa kupunguza ukali wa jua.

Miji mingine imelifanya kuwa kazi ya serikali. New York, Marekani, ilianza mpango wake wa mapaa meupe mwaka 2009, na mpango huo pia huwafundisha wakazi kazi ya kupaka. Mji wa Ahmedabad nchini India ulipigwa na wimbi kali la joto mwaka 2010, ukaandaa mpango wa kukabiliana na joto mwaka 2013, kisha mwaka 2017 ukaanza kupaka chokaa nyeupe mapaa ya nyumba za wakazi wenye kipato kidogo.

Hapa Nairobi, watafiti walipima joto Kibera, Mathare na Mukuru katika msimu wa joto wa mwaka 2015 na 2016. Walilinganisha vipimo hivyo na vya kituo cha hali ya hewa cha Dagoretti Corner. Mitaani kulikuwa na joto zaidi kuliko kituoni. Maana yake ni kwamba nambari tunayosikia kwenye utabiri si lazima iwe joto analoishi nalo mtu aliye chini ya bati mtaani.

NANI ANAFAIDIKA?

Wanaoumizwa zaidi na joto la ndani ni wazee, kina mama wajawazito, watoto wachanga na wagonjwa. Hawa ndio wanaokaa kwa muda mrefu kwenye foleni za zahanati. Hata dawa zinahusika: nyingi zimeandikwa zihifadhiwe chini ya nyuzi 25 au 30, na chumba cha dawa chenye paa la bati kinaweza kupita kiwango hicho mchana.

Kuna pia mfuko. Feni haipozi hewa, huisukuma tu. Kiyoyozi hupoza, lakini bili yake ya umeme huja kila mwezi. Rangi hulipiwa mara moja, kisha hutunzwa. Kwa mwanabiashara wa soko, mteja anayestahimili kukaa kitini hadi nywele ziishe ni mteja atakayerudi.

MAHALI ISIPOFAA, NA MAPUNGUFU YAKE

Rangi hii si dawa ya kila ugonjwa. Ni vyema mkazi ajue mambo haya kabla ya kuidai.

Kwanza, Julai. Nairobi ina miezi ya baridi, Juni hadi Agosti. Paa jeupe halichagui msimu. Litapunguza pia ule uvuguvugu mdogo wa mchana wakati huo. Kwa soko linalotumika mchana na lenye majiko, hasara hiyo ni ndogo. Kwa bweni au wodi ya watoto, ni lazima kuipima, na pengine dari itakuwa chaguo bora kwa kuwa husaidia misimu yote miwili.

Pili, moshi. Paa lililo juu ya majiko ya nyama choma litapata masizi na mafuta. Paa jeupe lililochafuka hupoteza sehemu kubwa ya faida yake. Kwa soko kama la Kenyatta, bomba la kutolea moshi lililo sawa na ratiba ya kuosha paa ni sehemu ya mradi wenyewe. Paa likioshwa kila mwaka kabla ya Januari, joto litakapoanza litakuwa safi.

Tatu, bati lililotoboka. Rangi haizibi tundu la kutu. Bati lililooza libadilishwe kwanza.

Nne, na hili ni la usalama: asbesto. Baadhi ya majengo ya zamani jijini yaliezekwa kwa mabamba ya asbesto, ambayo hufanana na saruji ya kijivu yenye mawimbi. Kanuni za usimamizi wa taka zinaihesabu asbesto kuwa taka hatari, kwa kuwa nyuzi zake zikivutwa huharibu mapafu. Usilikwangue, usilipige brashi, usilipande. Mwarifu msimamizi wa jengo, ili liondolewe kwa utaratibu wa mamlaka ya mazingira, NEMA.

KAZI IKIFANYWA VIZURI

Si kila rangi nyeupe inafaa. Rangi ya maji ya kupaka kuta za ndani hubanduka ikipigwa na jua na mvua. Inayotakiwa ni rangi ya akriliki ya mapaa, inayonyumbuka bati linapotanuka mchana na kusinyaa usiku. Hakikisha ina alama ya ubora ya KEBS na kwamba haina madini ya risasi kupita kiwango cha sheria, hasa pale maji ya mvua yanapokingwa kutoka paani.

Hatua ni hizi:

1. Kagua bati, misumari na mifereji. Badilisha kilichooza.
2. Ondoa kutu kwa brashi ya waya, kisha osha masizi na mafuta kwa maji ya sabuni. Acha pakauke.
3. Paka praima ya kuzuia kutu.
4. Paka mikono miwili ya rangi nyeupe. Mkono wa kwanza ukauke kabisa kabla ya wa pili.
5. Yaliyokingwa kutoka mvua za mwanzo baada ya kupaka yamwagwe, yasinywewe.

Wakati mzuri ni Januari na Februari, au Septemba, kabla ya mvua za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba. Julai kuna manyunyu na rangi hukawia kukauka.

Kujua kiasi cha rangi, piga hesabu hii. Pima eneo la paa, ongeza sehemu moja kwa kumi kwa sababu ya mawimbi ya bati, zidisha kwa mikono miwili, kisha gawanya kwa mita za mraba ambazo lita moja hufunika, kama ilivyoandikwa kwenye ndoo. Paa la mita 200 huwa 220. Ikiwa lita moja hufunika mita nne, utahitaji lita 110, yaani ndoo sita za lita 20. Mkazi mwenye hesabu hii hatadanganywa na makadirio yaliyovimbishwa.

Asipande yeyote paani bila ngazi imara, kamba ya usalama na ubao wa kukanyagia. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri amlinde mfanyakazi wake. Mwanabiashara naye asipake paa la soko la umma kwa hiari yake. Paa ni mali ya umma, na msimamizi wa soko ndiye wa kuulizwa kwanza.

MKAZI AFANYE NINI?

Paa la jengo la umma hupakwa kwa bajeti ya umma, na bajeti ina tarehe zake. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012, mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa kwenye Bunge la Kaunti kufikia Septemba 1. Taarifa ya mkakati wa fedha hufika kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Ombi linalokuja Mei limechelewa. Linalokuja Agosti lina nafasi.

Kabla ya kwenda kwenye kikao cha maoni ya wananchi, jiandaeni. Wekeni kipimajoto cha ukutani ndani ya jengo, mbali na jiko na mbali na jua la moja kwa moja. Andikeni joto saa tatu asubuhi, saa saba na saa kumi kwa wiki mbili. Pimeni eneo la paa. Andikeni idadi ya watu wanaolitumia jengo kwa siku. Kisha pelekeni karatasi hiyo kwa Mwakilishi wa Wadi na kwa msimamizi wa jengo, mkitaja mambo matatu kwa pamoja: ukarabati wa bati, rangi, na fedha za kuosha paa kila mwaka.

Hilo la tatu ndilo husahaulika. Mradi usio na fedha za matunzo huzinduliwa ukiwa mweupe, na baada ya miaka miwili paa limerudia rangi ya masizi huku joto likimshukia msusi na mteja wake kama zamani. Mkiomba rangi, ombeni na maji ya kuiosha.