Drili haiingii? Toboa bomba la dripu kwa mkono

Bomba la PVC limeshalazwa mtaroni, limebanana na ukuta wa tenki, drili haiingii. Vijana wengi hapo mnakimbilia msumari wa moto. Acheni. Tundu lake linavimba midomo, raba haibani, maji yanavuja, na mistari ya mwisho inakosa presha. Nyanya zinaanza kunyauka hukohuko.

Funga maji. Chukua biti yenyewe, ipigilie kwenye kijiti kifupi kiwe mpini, uizungushe kwa mkono. PVC ni laini, inakubali. Anza na milimita 3, kisha panua kwa biti kubwa inayolingana na raba uliyonunua. Jaribu kwanza kwenye kipande cha bomba chakavu. Kabla ya kuunganisha mipira, fungua mwisho wa bomba, maji yasukume machicha nje, la sivyo yataziba matundu ya matone.