Makaa ya Mbarara, Kuni za Nakivale

Sisi wafanyakazi wa Mbarara tumezoea kusema kwamba miti inamalizwa na watu wa shamba, hasa wakimbizi wa Nakivale. Lakini gunia la makaa linanunuliwa na nani?

Makazi yale yalifunguliwa mwaka 1958 kwa ajili ya Wanyarwanda. Leo yana watu zaidi ya 100,000: Wakongomani, Warundi, Wasomali na wengine. Mtu hupewa kiwanja cha kujenga na kulima. Kuni hutafuta mwenyewe, na akivuka mpaka hugombana na mwenyeji, ambaye naye anapika.

Mjini tunauona msitu kuwa ni mvua na kivuli. Nakivale msitu ni maharage kuiva. Tena tanuri la udongo hula kilo 6, hata 10, za kuni kwa kilo moja ya makaa yetu.

Tulipolisema hilo mkutanoni, mwenzetu mmoja alikasirika: "Kwa mshahara huu nitanunua gesi?" Hakukosea. Basi tumeazimia bei ya kupikia iingie katika madai yetu ya mshahara, pamoja na nauli na kodi ya nyumba.