Kubana Matumizi ya Umeme ili Gridi Isizidiwe

Umeme wa gridi huzalishwa na kutumiwa kwa wakati uleule. Watu wanapowasha taa na majiko kwa pamoja, mitambo hulazimika kuongeza nguvu papo hapo. Ikishindwa, kasi ya mfumo, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, huanza kushuka, na waendeshaji hukata umeme katika baadhi ya maeneo ili kuepusha giza la nchi nzima. Ndiyo maana wati iliyookolewa saa 1 jioni ina thamani kubwa kuliko iliyookolewa usiku wa manane.

Jiji la Cape Town, Afrika Kusini, lililijua hilo kwa taabu. Sehemu kubwa ya umeme wake husafiri zaidi ya kilomita 1,000 kutoka mitambo ya makaa ya mawe ya mkoa wa Mpumalanga, na sehemu nyingine hutoka Koeberg, kituo cha nyuklia chenye vinu 2, kila kimoja takriban megawati 900. Desemba 25, 2005, bolti iliyolegea iliharibu jenereta ya kinu kimojawapo. Rota ya kubadilishia, yaani sehemu ya jenereta inayozunguka, ikabidi iletwe kwa meli kutoka Ufaransa, na mgao wa umeme ukaanza huku baridi, ambayo ndiyo msimu wa matumizi makubwa, ikikaribia.

Kwa kuwa kituo kipya hakijengwi kwa miezi 3, Eskom, shirika la umeme la nchi hiyo, liligeukia nyumba za wateja. Takriban balbu milioni 5 za kubana matumizi zilitolewa kubadilishana na za kizamani. Baadhi ya kaya zilisalimisha majiko ya umeme zikapewa ya gesi. Jioni, televisheni ilionyesha hali ya gridi kwa rangi, na nyekundu ilipotokea watazamaji waliombwa wazime hita za maji na vifaa vingine vikubwa.

Hesabu yake ni nyepesi. Balbu ya wati 15 ikichukua nafasi ya ile ya wati 60, zinaokolewa wati 45. Balbu milioni 1 zikiwaka pamoja, ni megawati 45. Hita moja ya maji ya kuogea hula kilowati 3 hivi, sawa na balbu 50 za kizamani, na maji hayapoi kwa kuizima saa moja. Hapo ndipo mpango mzuri unapaswa kuanzia.

Nyaya nazo hupata nafuu. Upotevu wa umeme njiani huongezeka kwa mraba wa mkondo, hivyo mkondo ukipungua kwa asilimia 10, upotevu hushuka kwa asilimia 19. Transfoma ya mtaani, ambayo jioni huchemka kwa kuzidiwa hadi kihami cha nyaya zake kikaungua, hudumu zaidi.

Hata hivyo, mipango hii hununua muda tu. Januari 2008 Afrika Kusini nzima iliingia kwenye mgao, na migodi mikubwa ya dhahabu ikasimamisha kazi kwa siku kadhaa. Kituo cha Medupi, kilichoanza kujengwa 2007, kilitoa umeme wa mtambo wake wa kwanza kibiashara mwaka 2015. Balbu zilitimiza kazi yake. Waliochelewa ni wajenzi wa mitambo.