Uvimbe Ukirudi, Si Ulozi

Mu kambi zetu mtu akipasuliwa uvimbe wa mushipa wa fahamu, kisha urudi, watu wanasema: «Wamemuloga.» Hapana! Uvimbe huu kwa kawaida si kansere. Ule unaokaa pembeni ya mushipa, ukitolewa wote, ni mara chache kurudi. Lakini mwingine unajichanganya na mushipa wenyewe. Munganga anaacha kipande kusudi mkono usipooze, nacho kinaweza kukua tena.

Ugonjwa wa Recklinghausen, munganga Mudachi aliyeueleza mwaka 1882, unaleta vimbe vingi na madoa ya rangi ya kahawa. Unapata mtoto 1 kati ya 3000 hivi; hauambukizi. Uvimbe ukikua mbio ao ukizidi kuuma, kimbilieni lupitalo. Wazazi, musimufiche mtoto.