Ndege ya Kwanza ya Mwanagenzi wa Urubani

Wakazi wa Yombo Vituka, wilayani Temeke, wamezoea ngurumo za ndege zinazotua na kuruka katika Uwanja wa Kimataifa wa Julius Nyerere. Macho ya vijana hufuata zile kubwa. Videge vyenye rafadha, viendavyo Unguja na Mafia, havitazamwi sana. Kijana wa Temeke au Kinondoni akiulizwa angependa kuanza urubani kwa ndege ya namna gani, aghalabu hutaja ile iendayo kasi. Jibu hilo lina kosa la fizikia ndani yake, nalo ni kosa lenye kugharimu maisha.

Nguvu ya kunyanyua ambayo bawa huipata hutegemea densiti ya hewa, eneo la bawa, pembe ambayo bawa huikabili hewa, na mraba wa mwendo. Mwendo ukipungua, rubani hana budi kuongeza pembe ili ndege isishuke. Lakini pembe ina kikomo. Ikizidi kiasi fulani, kwa kawaida nyuzi 15 hivi, hewa huacha kufuata mgongo wa bawa, nguvu ya kunyanyua hupungua ghafla, na ndege huanguka hata kama injini inanguruma vizuri. Mwendo ambao jambo hilo hutokea, ndege ikiwa imebeba uzito wake wote na kuruka sawasawa, hapa utaitwa mwendo wa ukomo.

Kwa Cessna 152, ndege ya viti viwili iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1977 hadi 1985 na kufundishia marubani wengi duniani, mwendo wa ukomo ni kilomita 89 hivi kwa saa, vibawa vya nyuma vikiwa havijashushwa. Mwanafunzi akikata kona kwa kuilaza ndege nyuzi 60 bila kushuka, mabawa hulazimika kubeba uzito maradufu, na mwendo wa ukomo huzidishwa kwa kipeuo cha pili cha 2, yaani 1.41. Kilomita 89 zinakuwa 126. Mwanagenzi aliyedhani yu salama anajikuta ukingoni, na pengine ardhi iko karibu.

Kasi nayo huiba muda wa kufikiri. Ndege iendayo kilomita 200 kwa saa hupita kilomita moja kwa sekunde 18. Iendayo 300 hupita kwa sekunde 12. Beechcraft Bonanza, iliyoanza kuuzwa mwaka 1947, ni ndege nzuri, lakini magurudumu yake hukunjwa, rafadha yake hubadilishwa pembe, na ikiinamisha pua hukusanya mwendo upesi. Mtu asiyejua bado kushika usukani hana nafasi ya kuyakumbuka hayo yote.

Je, ndege ya kujifunzia iwe yenye kusamehe kila kosa? Hapo wataalamu hawakuafikiana. Kampuni ya Piper ya Marekani, kabla ya kutoa PA-38 Tomahawk mwaka 1978, iliwauliza walimu wengi wa urubani maoni yao. Wengi walitaka ndege itakayomlazimisha mwanafunzi kujifunza kwa dhati namna ya kujinasua bawa linapoishiwa nguvu. Walipewa walichoomba. Takwimu za baadaye za Marekani zilionyesha kwamba Tomahawk ilipata ajali chache kuliko Cessna 150 na 152 kwa jumla, lakini ajali za kuanguka ikizunguka kama pia, zenye kuua, zilikuwa nyingi zaidi. Mwalimu wa shule atalitambua suala hili, maana ndilo la mtihani mgumu na mtihani mwepesi. Tofauti ni kwamba huku hakuna kurudia darasa. Kwa masomo ya mwanzo, ndege yenye kusamehe ndiyo ya kuchaguliwa, na ile kali ingojee.

Vitabu vingi vya urubani vimeandikwa katika nchi za baridi, na vipimo vyake huanzia usawa wa bahari kwenye nyuzi 15 za Selsiasi. Dar es Salaam ipo karibu na usawa wa bahari, lakini mchana wa Januari hupita nyuzi 30, na hewa ya joto ni nyepesi. Jambo huwa zito zaidi Dodoma, ambako uwanja upo mita 1,119 juu ya bahari, au Soroti nchini Uganda, penye kimo kama hicho, ambako chuo cha urubani kilianzishwa mwaka 1971 wakati wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ya awali. Joto la nyuzi 30 huko huifanya hewa iwe kama ya mita 1,900. Injini ya kawaida hupoteza takriban sehemu moja ya tano ya nguvu yake: nguvu-farasi 110 za Cessna 152 hubaki 88. Zaidi ya hayo, ndege hutua kwa mwendo halisi uliozidi kwa asilimia 10, na kwa kuwa nishati hufuata mraba wa mwendo, breki zina kazi iliyozidi kwa asilimia 21.

Hapo ndipo Cessna 172, ya viti vinne, inapoipita ndugu yake mdogo. Toleo lake la 172S lina nguvu-farasi 180. Likibeba mwalimu, mwanafunzi na nusu ya mafuta, huwa na uzito wa kilo 1,020 hivi. Dodoma, kila nguvu-farasi iliyobaki hubeba kilo 7.1, katika Cessna 152 iliyojaa, hubeba kilo 8.6. Pwani, tofauti hiyo yavumilika. Nyanda za juu, ni tofauti ya kuivuka miti au kuigonga.

Mafuta nayo yaangaliwe. Injini hizi hutumia petroli maalumu ya ndege, ambayo katika viwanja vingi vya Afrika hupatikana kwa shida kuliko mafuta ya ndege kubwa. Ndiyo maana baadhi ya shule hupendelea Diamond DA40 yenye injini ya dizeli, inayotumia mafuta hayo ya ndege kubwa. Bawa la juu lina faida ndogo isiyotajwa vitabuni: kivuli, wakati wa kukagua ndege saa saba mchana.

Kisha mizani. Cessna 152 haipaswi kuzidi kilo 757. Yenyewe, pamoja na vifaa, ina kilo 520 hivi. Mafuta yakijaa, lita 93, ni kilo 67. Zinabaki 170 kwa watu wawili na mizigo yao. Mwalimu wa kilo 90 na mwanafunzi wa kilo 90, wenye mkoba wa kilo 5, wamezidi kwa kilo 15. Hivyo lita 21 huachwa nje ya tangi. Zilizobaki 72, kwa injini inayotumia lita 23 kwa saa, ni za saa 3 hivi. Somo la kwanza halichukui hata saa moja na nusu.