Gesi ya kupikia kwenye Corolla: Hesabu haimlipi mwenye gari wa Kurui

MWENYE gari dogo la petroli anayepeleka mihogo na machungwa kutoka Kurui, wilayani Kisarawe, hadi soko la Buguruni ana mshindani mmoja mkubwa kuliko wachuuzi wenzake. Mshindani huyo ni pampu ya mafuta. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA inapotangaza bei kikomo, yeye hujua kama magunia yake yatamlipa au yatailipa safari tu.

Wengi hawajaisahau Agosti 2022, lita ya petroli ilipofika sh. 3,410/- jijini Dar es Salaam. Mwezi ule bei ya gunia la mihogo haikupanda kwa kasi ya petroli, na baadhi ya magari yaliegeshwa chini ya miembe.

Tangu hapo swali moja limekuwa likirudi vijiweni na katika gereji za Kisarawe na Kibaha: kwa nini mtu asichukue mtungi wa gesi ya kupikia, akanunua vifaa vya kubadilishia, akamwita fundi nyumbani na kulifanya Corolla la zamani litumie gesi? Ukurasa huu umelifanyia swali hilo hesabu. Jibu halitawapendeza wenye haraka, lakini linaweza kuwaokolea fedha, na pengine maisha.

Gesi mbili, majina yanayochanganywa

Kwanza tuondoe mkanganyiko. Gesi ya kupikia, yaani LPG, ni mchanganyiko wa propani na butani. Ikikandamizwa kidogo tu hugeuka kimiminika, ndiyo maana mtungi ukitikiswa husikika kama una maji. Hapa nchini gesi hii huagizwa kutoka nje kwa meli, kwa hiyo bei yake hufuata soko la dunia na thamani ya dola, kama ilivyo kwa petroli.

Gesi asilia ni kitu kingine. Hiyo ni methani inayotoka ardhini kwetu: Songo Songo, Kilwa, ambako iligunduliwa mwaka 1974 na kuanza kutumika kibiashara mwaka 2004, na Mnazi Bay, Mtwara. Bomba kubwa la kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam lilizinduliwa mwaka 2015. Gesi inayotiwa kwenye magari ya Dar es Salaam ni hii, ikiwa imeshindiliwa kwa mgandamizo wa baa 200 hivi. Vituoni huitwa CNG.

Kwa hiyo teksi unayoiona Ubungo ikijaza gesi haitumii gesi ya jikoni. Vifaa vyake, mtungi wake na bei yake ni tofauti kabisa. Anayeiona teksi hiyo akaenda nyumbani kufunga mtungi wa jiko anaiga kitu ambacho hakukiona.

Hesabu ya mtungi wa kilo 15

Injini ya petroli inaweza kutumia LPG bila shida. Uturuki, Poland, Italia na Korea Kusini zina magari mengi ya namna hiyo, na teksi za Ghana zimeitumia kwa miaka mingi. Lakini katika nchi hizo kuna vituo vinavyouza LPG ya magari kwa lita kutoka pampu maalumu. Mtu wa Kurui atategemea mtungi wa dukani, na hapo ndipo hesabu inapogoma.

Kilo moja ya LPG ina nguvu inayokaribia ile ya lita 1.4 za petroli. Mtungi wa kilo 15, basi, ni sawa na lita 21 za petroli. Msomaji anaweza kufanya hesabu hii mwenyewe wakati wowote: chukua bei ya kujaza mtungi wa kilo 15 dukani kwenu, igawe kwa 21. Jibu utakalopata ndiyo bei yako ya "lita" ya gesi. Ilinganishe na bei ya petroli ya mwezi huo.

Tuchukue mfano. Petroli ni sh. 3,000/- kwa lita, na kujaza mtungi ni sh. 60,000/-. Gari linakwenda kilometa 10 kwa lita moja. Kwa petroli, kila kilometa inagharimu sh. 300/-. Kwa mtungi, kilometa 210 zimegharimu sh. 60,000/-, yaani sh. 286/- kwa kilometa. Faida ni sh. 14/- tu.

Ikiwa vifaa na ufundi vimekugharimu sh. 1,000,000/-, itakubidi uendeshe takriban kilometa 70,000 ili kurudisha mtaji. Hiyo ni zaidi ya mara moja na nusu ya kuizunguka dunia. Na mtungi ukipanda bei hadi sh. 63,000/-, faida yote imekwisha. Unaendesha gesi kwa bei ya petroli.

Kwa nini jiko si injini

Fundi wa nyumbani hukutana na tatizo la pili: kasi ya matumizi. Sahani moja ya jiko la gesi hula kama gramu 200 kwa saa. Gari lililotajwa hapo juu, likienda kilometa 60 kwa saa, linahitaji zaidi ya kilo 4 kwa saa, mara 20 ya sahani hiyo.

Mtungi wa jiko umetengenezwa kutoa mvuke kidogo kidogo. Ukivuta mvuke mwingi kwa haraka, kimiminika kilichobaki hupoa, mtungi hutoa jasho na hata barafu, mgandamizo hushuka na injini hukohoa mlimani. Wapo wanaotibu tatizo hilo kwa kuulaza au kuupindua mtungi ili kitoke kimiminika. Hapo hatari imeanza, maana lita moja ya kimiminika hicho ikivuja huwa mvuke wa lita 250 hivi.

LPG ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi juu ikapotea, bali hujaza buti, hushuka chini ya viti na kutulia humo. Cheche moja ya swichi ya taa au ya pampu ya petroli inatosha. Nairobi ilionja ukali wa gesi hii usiku wa Februari 1, 2024, mlipuko ulipotokea eneo la Mradi, Embakasi: watu kadhaa walipoteza maisha na mamia walijeruhiwa.

Gari la LPG lililofungwa inavyopasa halina mtungi wa jiko. Lina tangi maalumu la gari, lenye vali inayozuia lisijazwe zaidi ya asilimia 80 ili kimiminika kipate nafasi ya kutanuka kwenye joto. Lina vali ya umeme inayofunga gesi injini inapozimika, na kifaa cha kupunguzia mgandamizo kinachopashwa joto na maji ya redieta ili kimiminika kigeuke mvuke kabla ya kuingia kwenye injini. Vali za tangi hufunikwa kwa kasha lisilopitisha gesi, lenye bomba la kutolea mvuke nje ya gari. Kanuni ya kimataifa ya vifaa hivyo ni R67. Kwa gesi asilia ni R110. Kifaa kisicho na alama yoyote ya namna hiyo kisiingie garini mwako hata kama kinauzwa nusu bei.

Gesi asilia: hesabu nyingine

Sasa tuitazame CNG. Mwaka 2023 vituo vya Dar es Salaam vilikuwa vikiiuza kwa sh. 1,550/- kwa kilo. Kilo moja ina nguvu ya takriban lita 1.5 za petroli. Gari letu la mfano litakwenda kilometa 15 kwa kilo, yaani sh. 103/- kwa kilometa. Ikilinganishwa na sh. 300/- za petroli, faida ni sh. 197/-.

Gharama ya kubadili gari la petroli Dar es Salaam imekuwa ikizunguka sh. 2,000,000/-, kutegemea ukubwa wa mtungi na idadi ya silinda za injini. Miongoni mwa wanaofanya kazi hiyo ni Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, DIT. Kwa faida ya sh. 197/-, mtaji huo unarudi baada ya kilometa 10,150 hivi.

Kwa mfanyabiashara anayetembea kilometa 450 kwa wiki, hizo ni wiki 23. Kwa anayeshuka mjini mara moja kila baada ya wiki mbili, tuseme kilometa 75 kwa wiki, ni zaidi ya miaka miwili na nusu. Wa kwanza abadili. Wa pili aendelee na petroli yake, fedha hiyo aitie shambani.

Vituo viko njiani?

Kwa mtu wa Kurui jambo hili lina uzito kuliko bei. Njia ya Kisarawe huingia jijini kwa Pugu na Gongo la Mboto, kisha barabara ya Nyerere. Katika barabara hiyo kuna kituo cha CNG karibu na uwanja wa ndege na kingine Tazara, kabla hujafika Buguruni. Anayetokea upande wa Kibaha kwa barabara ya Morogoro hukutana na Ubungo, ambako ndiko kituo cha kwanza kilikoanzia. Mwaka 2025 TPDC ilifungua kituo mama barabara ya Sam Nujoma, karibu na Chuo Kikuu, na katika mpango wa kituo hicho ilitajwa Kibaha, kwenye kiwanda cha dawa cha Kairuki, kuwa mojawapo ya sehemu za kupelekewa gesi.

Hata hivyo kuna mambo matatu ya kupima. La kwanza ni foleni. Miaka ya 2023 na 2024 madereva walikaa saa kadhaa wakisubiri kujaza, na mzigo wa machungwa hausubiri. Jaza unaporudi, mzigo ukiwa umeshauzwa.

La pili ni umbali. Mtungi wa lita 60 huchukua takriban kilo 10, ambazo ni kilometa 150 za gari letu la mfano. Inabana kwa safari ya kwenda na kurudi, ndiyo maana mfumo wa petroli hauondolewi; dereva hubonyeza swichi na kuendelea. Pima kilometa zako halisi kwa wiki mbili kabla ya kutoa senti.

La tatu husahauliwa na wengi: mtungi huo wa chuma una uzito wa kilo 60 hivi na unakula buti. Kwa teksi ni usumbufu wa mizigo ya abiria. Kwa anayebeba mihogo ni mzigo uliobaki shambani kila safari. Toa thamani ya mzigo huo kwenye faida yako kabla ya kushangilia.

Kabla ya kumpa fundi funguo

Gari la zamani likaguliwe kwanza. Injini inayokula oili, yenye plagi chovu au mgandamizo hafifu wa silinda haitaponywa na gesi. Gesi huhitaji cheche yenye nguvu kuliko petroli. Nafasi za vali za injini zipimwe, kwani gesi haina ule unyevu wa petroli unaozipunguzia vali kusagika. Tarajia pia nguvu kupungua kidogo mlimani.

Dai cheti cha mtungi chenye namba na tarehe ya kupimwa, na risiti ya kazi. Kadi ya gari inaonesha aina ya mafuta, hivyo ulizia TRA utaratibu wa kuibadilisha, na iarifu kampuni yako ya bima kwa maandishi. Gari likiungua likiwa na mfumo ambao bima haiujui, usishangae dai likikataliwa.

Kwa ufupi, hali ya soko ni hii. Mtungi wa jiko ubaki jikoni, ambako una kazi ya maana ya kuokoa misitu ya Kisarawe isiishie kwenye magunia ya mkaa. Gesi asilia inamlipa anayepita kituoni mara tatu kwa wiki, wala haimlipi anayepita mara moja moja. Na fundi anayekuja nyumbani na mpira wa jiko na vibano viwili mkononi, mpe chai, mwage kwa heri.