LENZI YA KWANZA YA KAMERA: PIMA NYUMBA YAKO KABLA YA KWENDA DUKANI

Mtu mwenye akili hanunui jembe kabla ya kulitazama shamba lake. Lakini katika mambo ya kamera wengi wetu hufanya kinyume: hununua lenzi kwanza, kisha ndipo hujiuliza watapiga picha za nini, na wakati wa kuzipiga watasimama wapi.

Lenzi ni vile vioo vilivyofungwa pamoja katika bomba fupi mbele ya kamera, ambavyo hukusanya mwanga na kuupeleka kwenye filamu. Makala haya yahusu kamera za namna moja tu, yaani zile zenye kipima umbali na lenzi za kubadilishwa. Mara nyingi anunuaye kamera ya namna hii hupewa kamera tupu, kisha humpasa kutoa fedha nyingine kwa ajili ya lenzi. Na kwa kuwa bei ya lenzi moja yaweza kuipita bei ya kamera yenyewe, atakayekosea hapo amekosea kwa gharama kubwa.

KAMERA HIZI ZAFANYAJE KAZI

Asili ya kamera hizi ni Ujerumani. Katika mji wa Wetzlar fundi Oskar Barnack, aliyekuwa katika kiwanda cha Ernst Leitz, alibuni kamera ndogo iliyotumia filamu ya sinema yenye upana wa milimita 35. Mwaka 1925 kiwanda hicho kilianza kuiuza kwa jina la Leica. Mwaka 1932 ilitoka Leica II, ambayo kipima umbali chake kiliunganishwa na lenzi, na mwaka huohuo ikatoka Contax ya Zeiss Ikon. Baadaye Wajapani nao walitengeneza zao, kama Canon na Nikon. Leica zingali zikitengenezwa hata leo, za filamu na za dijitali.

Mpiga picha achunguliapo katika kidirisha cha kamera hii, huona katikati sehemu ndogo ing'aayo, yenye sura mbili za kitu kimoja. Azungushapo pete ya lenzi, sura hizo husogeleana. Zikikutana na kuwa moja, umbali umepimwa sawasawa na picha itakuwa wazi.

Hapa pana jambo ambalo mnunuzi hana budi kulielewa. Mpiga picha huyu hachungulii kupitia lenzi, bali kupitia kidirisha kilicho kando yake. Kwa hiyo akisahau kuondoa kifuniko cha lenzi, ataona kila kitu vizuri, na picha zote zitatoka nyeusi. Tena akibadilisha lenzi, anachokiona kidirishani hakibadiliki. Kinachobadilika ni mistari tu inayomwonyesha mipaka ya picha. Wala si kila kamera yenye mistari ya kila lenzi. Leica M3 ya mwaka 1954 ina mistari ya lenzi za milimita 50, 90 na 135, lakini haina ya 35. M2, iliyoifuata katika miaka hiyohiyo, ina ya 35, 50 na 90. Basi kanuni ya kwanza ni hii: itazame mistari ya kamera yako kabla ya kuitazama lenzi yoyote.

MAANA YA MILIMITA

Namba ya milimita iliyoandikwa juu ya lenzi huonyesha jinsi lenzi hiyo ionavyo. Namba ikiwa ndogo, lenzi huona mahali papana. Ikiwa kubwa, huona mahali pembamba na kuvifanya vitu vionekane karibu. Tuseme umesimama mita 3 kutoka kwa mtu. Lenzi ya milimita 35 itachukua eneo la upana wa mita 3 na kimo cha mita 2. Lenzi ya 50 itachukua upana wa mita 2 na sentimeta 16, na kimo cha karibu mita 1 na nusu. Lenzi ya 90 itachukua upana wa mita 1 na sentimeta 20 tu, na kimo cha sentimeta 80.

Mwandishi wa makala haya alijifunza hesabu hiyo kwa hasara. Lenzi yake ya kwanza ilikuwa ya milimita 90, maana muuzaji alimwambia kwamba lenzi ivutayo vitu vya mbali ndiyo bora kuliko zote, naye akaamini. Akaenda nayo nyumbani kwao ili ampige picha bibi yake pamoja na wajukuu. Siku hiyo mvua ilinyesha tangu asubuhi, na watu wote wakawa ndani. Alirudi nyuma hatua kwa hatua mpaka mgongo wake ukagusa ukuta, na bado ndani ya mistari hakuonekana mtu ila bibi na bega la mtoto mmoja. Akapiga hivyo hivyo, akinuia kurudi siku nyingine. Bibi alifariki kabla ya mavuno yaliyofuata. Picha ile ingalipo, na uso wa bibi ni wazi kabisa. Lakini wajukuu tisa waliomzunguka hawamo. Kwa lenzi ya milimita 35, mahali palepale ukutani, wangalikuwamo.

JARIBIO LISILOGHARIMU KITU

Ili lisikupate jambo kama hilo, fanya jaribio hili. Chukua kipande cha kadibodi, ukate katikati yake dirisha lenye upana wa milimita 72 na kimo cha milimita 48. Funga jicho moja, ukachungulie katika dirisha hilo. Ukilishika sentimeta 10 kutoka kwenye jicho, utaona kiasi ambacho lenzi ya milimita 50 huona. Ukilileta hata sentimeta 7, utaona kama lenzi ya 35. Ukilipeleka sentimeta 18, utaona kama lenzi ya 90.

Tembea na kadibodi hiyo kwa muda wa juma zima. Ichukue sebuleni, jikoni, sokoni, kanisani au msikitini, na kwenye uwanja wa mpira. Kila mahali simama pale ambapo kwa kawaida ungesimama, kisha uone ni umbali gani wa kadibodi unaokupa picha uitakayo. Jioni andika namba zake. Mwisho wa juma namba moja itakuwa imejirudia kuliko nyingine, nayo ndiyo lenzi yako.

Watu wengi wataikuta namba ya 50, maana hiyo huweza kupiga mtu mmoja, watu watatu, au mtaa mzima kama kuna nafasi ya kurudi nyuma. Lakini anayepiga picha ndani ya nyumba ndogo, au katikati ya umati wa arusi, yamfaa ya 35. Ya 90 ni nzuri kwa sura za watu na vitu vya mbali kidogo, ila isiwe ya kwanza. Na anayetaka kupiga wanyama wa mbugani wakiwa mbali, afadhali atafute kamera ya namna nyingine, maana kipima umbali hakikutengenezwa kwa kazi hiyo.

TUNDU LA MWANGA

Namba ya pili juu ya lenzi ni ya ukubwa wa tundu lipitishalo mwanga. Namba hizo hufuatana hivi: 1.4, 2, 2.8, 4, 5.6, 8, 11, 16. Kadiri namba inavyozidi, tundu hupungua, na kila hatua hukata mwanga nusu. Lenzi ifikayo 1.4 hupokea mwanga mara mbili kuliko ile iishiayo 2, na bei yake hupanda vilevile. Tena kwa kawaida huwa nene na nzito, na yaweza kuziba pembe ya kidirisha.

Mnunuzi ajiulize kama mwanga huo anauhitaji. Chini ya jua la mchana, kwa filamu ya kasi 100, tundu la 16 latosha pazia la kamera likifunguka kwa sehemu ya 125 ya sekunde. Zaidi ya hayo, tundu likifunguliwa sana, sehemu iliyo wazi katika picha huwa nyembamba. Lenzi ya 50 ikifunguliwa hata 2, kwa mtu aliye mita 2, sehemu hiyo ni kama sentimeta 20 tu; akisogea kidogo ameingia ukunguni. Lakini lenzi ya 35 ikiwekwa kwenye mita 5 na tundu la 8, vitu vyote kuanzia mita 2 na nusu hivi mpaka upeo wa macho huonekana wazi, wala huna haja ya kupima kila mara. Kwa anayeanza, lenzi iishiayo 2 au 2.8 yamtosha.

UKINUNUA ILIYOKWISHA TUMIKA

Lenzi nyingi za kamera hizi huuzwa zikiwa zimetumika, na hapo yakupasa uangalifu. Imulike kwa tochi kutoka nyuma, uchungulie mbele. Ukiona nyuzi nyembamba kama za buibui, hiyo ni kuvu. Huota upesi mahali penye unyevu kama pwani yetu, na hula vioo. Iache. Fungua na kufunga tundu, uone kama vile visahani vyake havina mafuta. Ulizia pia namna ya kufunga: Leica za zamani hutumia skrubu ya milimita 39, lakini kuanzia M3 lenzi hufungwa kwa kuzungushwa kidogo tu. Lenzi ya skrubu yaweza kufungwa kwenye kamera ya M kwa pete maalum, ila ya M haiwezi kufungwa kwenye kamera ya skrubu.

Na ukiisha kuipata, usiiache kamera juani ikiwa imetazama juu bila kifuniko. Nyingi zina pazia la kitambaa, na lenzi hulichoma kama kioo kichomavyo majani makavu.

MOJA YATOSHA

Mfaransa Henri Cartier-Bresson alipata Leica yake ya kwanza mwaka 1932, na kwa sehemu kubwa ya kazi yake alitumia lenzi ya milimita 50. Hakukosa fedha za kununua nyingine, bali aliijua ile moja hata akawa ajua mipaka ya picha kabla ya kuinua kamera. Wahenga walisema, mshika mbili moja humponyoka. Nunua moja, uitumie mwaka mzima, na fedha zinazobaki zitie katika filamu. Kisha uende nyumbani ukawapige picha wazee wakiwa wangali hai.